Kumchunguza mtu rekodi ya uhalifu Marekani kwa hela kidogo: niliyoyaona mimi hapa Erie

Kitu cha kwanza ambacho ningependa kila mtu wetu aliyeko Marekani akijue ni kwamba hakuna saiti ya dola moja yenye rekodi za uhalifu za nchi nzima. Haipo. Hifadhi kubwa ya nchi nzima iko FBI na raia wa kawaida hafunguliwi, hata mwajiri hawezi kuingia tu akatafuta jina la mtu. Rekodi yenyewe, ile ya kweli, inakaa kwenye mahakama ya kaunti ambako kesi ilisikilizwa, halafu nakala yake inaenda kwa polisi wa jimbo. Hizo saiti za kwenye intaneti zinanunua data za zamani kutoka huku na huku, zinazichanganya kwa jina, zinakuuzia. Na sisi watu wa Afrika Mashariki na Kongo ndio tunaoumia zaidi, nitaeleza kwa nini.

Mimi naishi Erie, Pennsylvania, huku juu kabisa kwenye ziwa. Kwetu ni Kasulu, Kigoma. Nafanya kazi nyumba ya wazee, shifti ya usiku, na mume wangu anatoka alfajiri, kwa hiyo kulikuwa na masaa pale katikati ambayo watoto hawana mtu. Tukapata mama mmoja wa Kikongo, mtu mzima, alikaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na kwa sababu Nyarugusu iko wilayani kwetu Kasulu basi ile siku ya kwanza tuliongea mpaka chai ikapoa. Watoto walimpenda. Nikamwambia mume wangu huyu ndiye.

Kabla hajaanza, mama mwingine wa kanisani, mtu anayenitakia mema kabisa na sina neno baya juu yake, akaniletea karatasi. Alikuwa amelipia saiti moja, unalipa dola moja unajaribu siku chache halafu wanaanza kukukata kila mwezi mpaka ujitoe, akaandika jina la yule mama na jimbo. Ripoti ikatoka ndefu, imejaa anwani alizowahi kuishi, majina ya watu wanaodhaniwa ni ndugu zake, halafu katikati kuna kisanduku chekundu, rekodi za uhalifu au trafiki zimepatikana, tatu. Florida, kumpiga mtu. Texas, wizi wa dukani. Na nyingine Pennsylvania haikuelezwa vizuri. Akaniambia mwanangu, mimi sisemi kitu, angalia mwenyewe.

Aisee ile karatasi ilinikosesha raha. Na shida ni kwamba ilikuwa imeshapita kwenye simu za watu kabla haijanifikia mimi, yani tayari kulikuwa na watu kanisani wanamwangalia yule mama kwa jicho jingine na mwenyewe hajui hata kimetokea nini.

Nilichofanya ni kumuuliza yeye. Nilimwita nyumbani, shikamoo mama, marahaba mwanangu, tukakaa. Nikamwambia mama samahani sana, kuna jambo nataka kulifanya na sitaki kulifanya mgongoni kwako, naomba ruhusa nikuangalie kwenye rekodi za mahakama na za polisi wa jimbo kwa sababu ni watoto, na naomba jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa ile ya kwenye karatasi. Akacheka kidogo, akasema ile ya kwenye karatasi mwanangu ni tarehe moja mwezi wa kwanza, ya kweli mama yangu alisema ilikuwa wakati wa kuvuna maharage. Halafu bila mimi kuuliza akasema, utakuta kitu kimoja, polisi alinisimamisha naendesha gari la kijana wangu sina leseni, nilienda mbele ya jaji, nikalipa.

Hapo ndipo ninaposema sisi tunaumia zaidi. Tarehe moja Januari. Nenda kwenye jumuiya yoyote ya wakimbizi hapa Marekani, Wakongo, Wasomali, Warundi, utakuta familia nzima imezaliwa tarehe moja Januari kwa sababu mtu alipoandikishwa kambini hakuwa na cheti wala hakumbuki siku, basi wakaandikiwa 01/01 na mwaka wa kukadiria. Sasa chukua majina yetu, Bahati, Amani, Furaha, Riziki, majina ambayo mwanamume anaitwa na mwanamke anaitwa, halafu majina yenyewe yamegeuzwa, la baba limekuwa la kwanza, la ukoo limewekwa katikati, la ubatizo halipo kabisa. Mashine ya saiti inayofananisha jina na mwaka wa kuzaliwa ikikutana na watu kama sisi inafanya fujo tupu.

Na sio sisi peke yetu. Kuna kesi ilifika mpaka mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikaamuliwa 2021, TransUnion, kampuni ya ripoti za mikopo, dhidi ya bwana mmoja Ramirez. Yule bwana alienda kununua gari California mwaka 2011, ripoti yake ikaja na alama kwamba jina lake linafanana na mtu aliyeko kwenye orodha ya serikali ya magaidi na wauza madawa ya kulevya, kwa sababu walifananisha jina la kwanza na la mwisho tu basi. Gari ikabidi inunuliwe kwa jina la mke wake. Kwenye ile kesi walikuwamo watu 8,185 waliowekewa alama ya namna hiyo. Na Septemba 2023 tume ya biashara ya serikali, FTC, ilitangaza kwamba TruthFinder na Instant Checkmate, saiti zinazouza ripoti za namna hii, zitalipa dola milioni 5.8, moja ya mambo waliyolalamikiwa ni kumwambia mteja kwamba mtu fulani ana rekodi ya uhalifu au ya kukamatwa wakati kilichoko ni tiketi ya trafiki tu. Ile saiti iliyotoa karatasi ya yule mama siitaji jina, nataka tu muelewe kwamba kisanduku chekundu sio ushahidi.

Basi nikaanza kutafuta zilipo rekodi zenyewe.

Pennsylvania ina kitu kizuri sana ambacho watu wetu wengi hawakijui, mahakama za jimbo zimeweka kesi za jinai na za trafiki kwenye saiti moja, UJS Portal, bure kabisa, huhitaji akaunti wala kadi ya benki. Unaandika jina la mwisho, la kwanza, tarehe ya kuzaliwa, inakuletea orodha ya kesi, kila moja ina karatasi yake ya pdf inaitwa doketi. Mimi nilijaribu jina lake kwa mpangilio wa kila aina, la ukoo mbele, la ukoo nyuma, bila la katikati, na herufi zinazoweza kukosewa. Ikatoka kesi moja tu. Namba yake inaanza na MJ, ambayo ni mahakama ndogo ya hakimu wa mtaa, na katikati ina TR, trafiki. Kosa, kuendesha bila leseni, kifungu 1501 cha sheria ya magari. Amekiri, ametozwa, chini kabisa salio ni sifuri. Sawasawa na alivyosema mwenyewe.

Nikae kidogo kwenye kusoma hiyo doketi maana hapa ndipo watu wanapochafuliwa. Namba ikianza na MJ kesi iko kwa hakimu wa mtaa, ikianza na CP imefika mahakama ya kaunti, na tarakimu mbili zinazofuata CP ni kaunti, Erie ni 25, Lancaster 36, Philadelphia 51, Allegheny ambako ndiko Pittsburgh ni 02. CR ni jinai. Halafu utaona orodha ya mashtaka, na macho ya kila mtu yanaganda hapo, eti huyu ana makosa sita. Usiishie hapo, shuka mpaka sehemu ya maamuzi uangalie kila shtaka liliishaje. Polisi wa hapa wakimkamata mtu kwenye ugomvi wanaweza kumwandikia mashtaka matano kwa tukio moja la dakika kumi. Ukiona Withdrawn au Nolle Prossed, mwendesha mashtaka ameliondoa. Dismissed, limefutwa. Held for Court maana yake kesi imepelekwa mahakama ya kaunti tu, hajahukumiwa huyo. Guilty Plea ndiyo amekiri kosa. Na kwenye safu ya daraja, F ni kosa kubwa, M ni la kati, S ni dogo kabisa la faini na pengine kifungo kifupi. Wizi wa dukani chini ya dola 150 kwa mara ya kwanza hapa Pennsylvania ni S. Kuna shtaka jingine linaitwa Terroristic Threats, yani kumtishia mtu kwamba utamdhuru, hata maneno ya ugomvi wa mke na mume yanaweza kumpeleka mtu huko, na nimeshakutana na familia moja iliyoogopwa na majirani kwa sababu mtu alisoma hilo shtaka akaeneza kwamba kijana wao ni gaidi. Shtaka lenyewe lilikuwa limeshaondolewa. Ingechukua nusu dakika kushuka chini ya ukurasa.

Chini ya kila doketi kuna maandishi madogo, yasome. Yanasema karatasi hiyo isitumike badala ya cheti cha rekodi ya uhalifu, cheti kinatolewa na polisi wa jimbo tu, na mwajiri asiyefuata sheria ya rekodi za uhalifu anaweza kudaiwa mahakamani. Kwa hiyo hatua iliyofuata ilikuwa polisi.

Polisi wa jimbo la Pennsylvania wana mfumo unaitwa PATCH. Dola 22. Unajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, ukiwa na namba ya soshoseki (Social Security) inasaidia kutofautisha watu, unalipa na kadi, na mara nyingi jibu linatoka hapo hapo. La yule mama lilitoka hapo hapo, hana rekodi. Ile ya leseni haikuonekana kwa sababu sio jinai. Ukiletewa jibu kwamba ombi linaangaliwa usianze kutetemeka, mara nyingi ni kwamba kuna jina linafanana na mtu wao lazima alipitie kwa macho, na hiyo kwa kweli ndiyo kazi ambayo saiti ya dola moja haiifanyi. Sheria pia inawataka polisi waondoe kwenye jibu la raia tukio la kukamatwa ambalo limepita miaka mitatu, hakuna hukumu na hakuna kesi inayoendelea. Naona ni haki kabisa. Mtu akamatwe kimakosa halafu abebe hilo maisha yake yote?

Kwa sababu ni watoto nikaangalia pia orodha ya waliohukumiwa kwa makosa ya kingono. Ya jimbo ni bure, na ya nchi nzima, NSOPW, ni bure, inatafuta majimbo yote kwa mara moja, hiyo ndiyo moja ambayo kweli ni ya nchi nzima. Halafu kuna cheti cha kwamba mtu hajaandikwa kwa kudhulumu watoto, hicho ni dola 13 na mwenyewe ndiye anaomba, wewe huwezi kumwombea. Tulikaa wote mezani, nikamsaidia kufungua akaunti na kujaza, kinataka anwani zote ulizoishi na watu wote uliokaa nao, alianza kutaja mpaka watoto wa dada yake. Nikalipa mimi. Ukitaka mtu akufanyie kazi na unataka vyeti, lipa wewe.

Sasa zile mbili, Florida na Texas. Florida kila kaunti ina karani wa mahakama na wengi wameweka kesi mtandaoni bure. Ripoti ilitaja kaunti, nikaingia nikatafuta, nikampata mtu mwenyewe, jina ni lile lile herufi kwa herufi. Mwanamume. Imeandikwa hapo, jinsia, mme. Ile saiti ilikuwa na hiyo habari kwenye data yake au haikuwa nayo sijui, ila ilimpachika mama wa watu kosa la kumpiga mtu. Texas nayo nikaipata kwenye saiti ya kaunti, mwaka wa kuzaliwa ni ule ule lakini mwezi ni wa nane. Basi. Kisanduku chekundu chenye rekodi tatu kilikuwa ni mwanamume wa Florida, mtu mwingine wa Texas, na faini ya leseni iliyolipwa.

Nilizichapisha zote nikampelekea yule mama wa kanisani. Alisikitika kweli kweli, na Jumapili iliyofuata alienda mwenyewe kumwomba radhi mwenzake mbele ya mama mchungaji. Ila waliosoma kwenye simu sio wote walikuwepo siku hiyo.

Watu wa nyumbani wananiuliza, inakuwaje mtu yeyote anaweza kusoma kesi za mtu mwingine. Nyumbani tumezoea kwamba mwenyewe ndiye anaenda polisi kuchukua alama za vidole ndiyo apate cheti, Kenya wanaomba kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050 halafu ndiyo mwajiri anaonyeshwa karatasi. Hapa Marekani mahakama ni ya wazi, kesi ni ya wazi, karatasi zake pia. Uzuri wake ni kwamba hela kidogo inatosha, ubaya wake ni kwamba mtu mvivu naye anasoma. Na kila jimbo lina utaratibu wake, usichukue ya Pennsylvania ukafikiri ni hivyo kila mahali. Maryland wana saiti ya mahakama ya jimbo zima bure. Iowa, ambako ndugu zetu wengi wako Des Moines, kutafuta kesi ni bure, ila cheti cha polisi ni dola 15 kwa kila jina la ukoo, na mtu wetu mwenye majina mawili ya ukoo analipiwa mara mbili. Minnesota rekodi za hukumu za wazi unaangalia bure. Jimbo la Washington kutafuta rekodi za polisi ni dola 11. New York wanataka dola 95, na hilo kwetu Erie ni tatizo la kweli kwa sababu sisi tuko katikati, upande huu Ohio upande huu New York, mtu anaweza kuwa alikaa Buffalo miaka kumi akahamia hapa mwaka jana, na PATCH ya dola 22 haitasema neno lolote la Buffalo. Kwa hiyo muulize mtu amewahi kuishi wapi, halafu nenda kaunti kwa kaunti. Ohio kaunti nyingi unaangalia bure kwenye saiti ya karani.

Kesi za serikali kuu ni pembeni kabisa, hizo ziko kwenye saiti ya mahakama zao inayoitwa PACER, senti 10 kwa ukurasa, hati moja haizidi dola 3, na ukitumia dola 30 au chini ndani ya robo mwaka hawakudai kitu. Mtu wa kawaida hafiki huko.

Na jambo moja linalosahaulika sana. Amri ya mahakama ya kumzuia mtu asimsogelee mkewe au mtoto, hapa tunaita PFA, hiyo ni ya madai, sio jinai, haitokei PATCH. Mwanamume anaweza kuwa na karatasi safi ya polisi na mke wake alishaenda kwa jaji kuomba ulinzi. Binti yako akileta mchumba, au unataka kumpangisha mtu chumba kwenye nyumba yenye watoto, nenda mahakama ya kaunti kwenye ofisi ya kumbukumbu za madai uliza. Mimi nimewasindikiza kinadada, makarani wa hapa hawana shida, unataja jina wanakuangalizia.

Upande wa pili wa haya mambo niliuona kwa shemeji yangu. Aliomba kazi kwenye ghala moja kubwa, akafaulu usaili, akapimwa mkojo, akaambiwa kuanza Jumatatu. Badala ya Jumatatu ikaja barua, kampuni ya uchunguzi imekuta hukumu ya madawa ya kulevya, kosa kubwa, kwenye jimbo ambalo shemeji hajawahi kulikanyaga. Jina lake, 01/01, mwaka ule ule. Alikaa kwenye ngazi za nyuma na ile barua akawa ananiuliza shemeji, nimefanya nini mimi?

Ile barua ni sheria. Kuna sheria ya 1970 inaitwa FCRA, mwajiri akitumia kampuni ya uchunguzi lazima kwanza apate ruhusa yako kwa maandishi, na akitaka kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti lazima kabla ya kuamua akupe nakala ya ripoti na maelezo ya haki zako. Watu wetu wakipata hiyo barua wanadhani ndiyo mwisho, wanaenda kutafuta kazi nyingine kimya kimya, na lile kosa la mtu mwingine linabaki kwenye ripoti linawasubiri tena. Sio mwisho. Una haki ya kupinga, na kampuni ina siku 30 za kuchunguza upya.

Tukaomba karani wa ile kaunti atutumie nakala ya kesi. Na pale kwenye doketi kuna tarehe ya kosa. 2014. Shemeji ameingia Marekani 2017. Nikachukua ile I-94 yake, karatasi ya kuingilia nchini ambayo kila mkimbizi anayo na watu wanaitunza chini ya godoro, nikaiweka pamoja na doketi, nikaandika barua fupi, mtu huyu alikuwa kambini Tanzania siku kosa lilipotendeka. Tukatuma kwa kampuni ya uchunguzi kwa posta ya kusainiwa na nakala kwa mwajiri. Walifuta. Kazi ile ilikuwa imeshachukuliwa na mtu, wakampa nyingine zamu ya usiku baadaye. Tangu hapo kila anayenijia na ripoti ya namna hii, kitu cha kwanza namwambia lete I-94, tulinganishe na tarehe ya kosa. Kwa watu wetu waliokuja ukubwani hiyo tarehe inamaliza maneno.

Sheria hiyo hiyo ndiyo inafanya zile saiti za bei rahisi ziandike kwa herufi ndogo chini kabisa kwamba wao sio kampuni ya ripoti za wateja, yani sio kampuni ya uchunguzi inayofuata FCRA, na huruhusiwi kutumia habari zao kumwajiri mtu, kumpangisha nyumba au kumpa mkopo. Yani wanakuuzia ripoti ya bekgraundi, halafu wanakukataza kuitumia kwa mambo ambayo ndiyo watu wanatafutia ripoti ya bekgraundi. Kama una nyumba ya kupangisha au kabiashara kako na una wafanyakazi, tafuta kampuni inayofuata FCRA, inagharimu zaidi kidogo lakini inakulinda, ama tumia polisi wa jimbo. Na hapa Pennsylvania mwajiri anaruhusiwa kuangalia hukumu kwa kadiri inavyohusu kazi yenyewe, na akimkataa mtu kwa sababu hiyo lazima amwandikie.

Mtu akikuta kweli kuna hukumu je? Hilo nimelifikiria sana. Kuna kaka mmoja alikuja kutupakia mizigo, ana hukumu ya zamani, aliniambia mwenyewe kabla sijatafuta, na kazi aliifanya vizuri na namwita tena. Kwa kubeba makochi sijali mtu alikamatwa na bangi akiwa kijana. Kwa kubaki na watoto wangu nyumbani usiku ninajali vitu fulani na vingine sijali. Pennsylvania ndiyo ilikuwa ya kwanza Marekani nzima kupitisha sheria ya Clean Slate, 2018, na kuanzia Juni 2019 kesi zilizofutwa na hukumu fulani ndogo za zamani zinafungwa zenyewe bila mtu kuomba, umma hauzioni tena. Mamilioni ya kesi zimefungwa. Lakini ile saiti iliyonunua data 2015 bado inayo, na inauza. Kwa hiyo ukikuta kitu kwenye ripoti ya kununua na hakipo UJS wala PATCH, usiseme nimegundua siri. Huenda jimbo limeshaamua hicho kitu kisimfuate tena huyo mtu, na wewe ndiye unayemfuata.

Kanisani kwetu sasa kila anayefundisha watoto shule ya Jumapili analeta vyeti, kuanzia mchungaji mwenyewe. Mwanzoni wazee walikataa, wakasema tunawajua watu wetu, tumetoka nao kambini. Hoja iliyowashinda ilikuwa ni hela, maana PATCH kwa anayejitolea ni bure, kuna fomu yake ya kujitolea, na kile cheti cha watoto pia ni bure kwa wanaojitolea, lakini usikiombe tena na tena. Makatibu wetu wanajaza na watu Jumapili baada ya ibada, kompyuta moja, kila mtu na kitambulisho chake. Majibu anapokea mwenye jina, anamwonyesha mchungaji, anarudi nayo nyumbani. Hakuna kupiga picha, hakuna kutuma kwenye simu. Hilo la mwisho ndilo nililosimama nalo mimi kwenye kikao, na likapita.